Laini ya Saba

Aprili 3
Nyumba iko Mikindani, juu ya mteremko unaoishia kwenye mikoko. Ghorofa ya chini imekwisha. Ya juu imeachwa nusu, nguzo na vyuma vilivyochomoza, na kwenye paa kuna chumba kidogo cha tangi la maji chenye mlango wa chuma. Mwenye nyumba anataka laini sita za intaneti, moja kila chumba, apate kupangisha watu wanaofanya kazi za kompyuta nyumbani. Wifi haipenyi zile kuta za mawe.

Mwenye nyumba ni Mama Griffin, Pascalia, mke wa Fundi Musyoka aliyenifundisha kazi hii. Fundi tulimzika miaka mitatu iliyopita, jeneza likiwa na suti na jozi ya viatu, kwa kuwa maji hayakumrudisha. Sikukanyaga kwake tena tangu matanga. Aliponipigia simu nilidhani amekosea namba. Nikamwuliza kwa nini mimi, na mafundi wamejaa Changamwe.

"Nimeambiwa nikuite wewe," akasema.

Sikumwuliza ameambiwa na nani. Mvua ya kwanza ya masika imeninyeshea nikirudi Chaani.

Aprili 4
Siku ya kununua vifaa. Sharif wa duka la nyaya alinitazama nikitoa kisu akacheka. "Dada Velma, wewe waya wauchuna kama muhogo."

Nauchuna. Waya wa shaba ni mwekundu mpaka ndani. Ule wa kudanganya ni mwekundu ngozi tu, ukiukwaruza unatoa weupe wa alumini. Boksi la kwanza, weupe. La pili, weupe, na juu yake limeandikwa maneno mazuri. La tatu lilinivuta mkono chini nilipolinyanyua, nikajua kabla ya kisu. Nimechukua hilo. Vichwa vya plastiki vya kubana kwenye ncha za waya nimechukua vile vilivyotoboka mbele, nyuzi nane zinapita na kuchungulia upande wa pili, unaziona rangi zake kabla hujabana. Vinataka krimpa yake maalumu, koleo la kubania lenye wembe wa kukata zile ncha. Ninayo.

"Zamani hukuwa hivi," Sharif akasema. "Ulikuwa waingia, wabeba, watoka."

Nikamwambia zamani nilikuwa mjinga.

Aprili 5
Mvua. Sikutoka.

Aprili 8
Nimeanza. Mama Griffin amekonda, amekuwa mtu wa kusikiliza. Unaongea naye, jicho lake liko darini. Griffin yuko shule ya bweni, kwa hiyo ndani ni yeye peke yake.

Kwenye ngazi kuna kisanduku cha zamani alichofunga Fundi mwenyewe. Laini saba. Akaniambia nivute sita mpya, sita kuukuu nizitoe, ya saba niiache.

"Inakwenda wapi?"

"Kwenye tangi. Aliweka kamera ya kulinda maji. Usipande huko, mlango una nyuki."

Kisha akaniletea begi la vifaa vya marehemu, nitumie nikipenda. Kila kitu kimo, kimepakwa mafuta, hakuna kutu. Nyumba iliyo karibu na bahari namna ile, vyuma vya miaka mitatu bila kutu. Kinachokosekana ni krimpa, na nusu ya kipimo cha laini. Kile kipimo kina vipande viwili, kikubwa tunakiita mama na kidogo tunakiita mtoto. Mama unamchomeka mwanzo wa waya, mtoto mwisho wake, na taa nane zinawaka moja baada ya nyingine kama nyuzi zote zimefika salama. Bila mtoto upande wa pili, mama hawaki. Mama yumo begini. Mtoto hayumo.

"Labda alikuwa nacho siku ile," Mama Griffin akasema.

Nimeamua kutumia vifaa vyangu.

Aprili 9
Laini mbili zimepita. Hakuna nyuki niliyesikia.

Aprili 11
Miaka mitatu nimekuwa nikivuka barabara ili nisipite mbele ya Mama Kafedha anayekaanga viazi karai kwenye kona ya Chaani. Leo mvua imenisukuma mpaka chini ya turubai lake.

"Karibu, mwanangu, jisitiri," akasema. "Ndiwe Velma, sivyo? Kanze alikuwa akikutaja."

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa viazi kwenye karatasi. Kanze ni bintiye. Alikuwa akikaa kaunta katika duka la kompyuta hapa Chaani, na alikufa humo siku duka lilipoungua. Moto ulianzia darini, kwenye waya za kamera. Waya zile tulizivuta sisi wawili, Fundi Musyoka na mimi. Watu walipoanza kumtafuta fundi, nguo zake na simu zilionekana kwenye mikoko nyuma ya Mikindani, na mambo yakaishia hapo.

Viazi sikuvimaliza. Nilivifunga nikaja navyo nyumbani, viko mezani.

Aprili 15
Niandike hili polepole.

Nilimaliza laini ya kwanza na ya pili wiki jana na kuzibana vichwa. Nikizipanga zile nyuzi nane mimi huanza na nyeupe-chungwa. Mafundi wengi wa siku hizi ndivyo tunavyofanya. Fundi Musyoka alikuwa wa mpangilio wa zamani, akianza na nyeupe-kijani, na hakukubali kusikia lingine. Mipangilio yote miwili inafanya kazi, mradi ncha mbili za waya zifanane.

Asubuhi hii nimekuta vichwa vyote vinne vinaanza na nyeupe-kijani.

Nilidhani macho. Nikavipeleka dirishani. Vilikuwa vimekatwa na kubanwa upya, na ganda la nje limeingizwa ndani ya kichwa mpaka likashikwa na ulimi wa plastiki, sawasawa. Mimi mwenyewe hulifikisha hivyo mara tatu kati ya nne. Fundi Musyoka hakukosa hata mara moja.

"Kuna fundi mwingine amekuja hapa?"

"Nani aje na mvua hii?" Mama Griffin akasema, akarudi jikoni. Hakuuliza kwa nini nimeuliza.

Aprili 16
Nimevikata vyote vinne. Nimerudisha chungwa.

Aprili 17
Kijani.

Aprili 19
Nimejaribu kumtazama Mama Griffin kama mtu anayenitania, lakini hana uso wa utani. Nimejaribu kumtazama kama mtu aliyerukwa na akili kwa huzuni, anayeamka na kukata waya. Lakini mikono yake inatetemeka hata akishika kikombe, na vichwa vile havikubanwa na mkono unaotetemeka.

Saa saba mchana amepakua sahani tatu. Moja yangu, moja yake. Ya tatu ameifunika kwa sahani nyingine na kupanda nayo ngazi.

"Ya paka," akasema.

Paka wa kula ugali na sukuma.

Aprili 23
Mvua siku ya nne mfululizo. Barabara ya kushukia imekatika. Mchana ni mweusi kama saa moja ya jioni, na taa ya ngazini imewaka tangu asubuhi. Nikipitisha waya kwenye bomba la ukutani nahisi kama kuna mtu anausaidia kwa upande wa pili. Unateleza kabla sijausukuma.

Aprili 25
Nimesikia krimpa. Ni sauti ndogo, krak, kisha kimya, kisha krak. Yangu ilikuwa mezani mbele yangu.

Aprili 29
Leo nimefanya nililokatazwa. Mama Griffin alikwenda Kongowea kununua vitunguu. Nyumba ilibaki na mimi na mvua. Nilikaa mbele ya kisanduku cha ngazini nikiitazama ile laini ya saba, kijivu, imefungwa vizuri kwa kamba ya plastiki. Nikachukua kipimo changu. Mtoto nikamtia mfukoni. Mama nikamchomeka kwenye ya saba, nikawasha.

Hakuwaka. Sikutarajia awake. Laini ya kamera iliyokufa, juu hakuna kitu.

Nikawa nanyoosha mkono kumchomoa. Taa ya kwanza ikawaka. Ya pili. Ya tatu. Zikaenda mpaka ya nane bila kuruka hata moja, zikarudi kuanza upya. Nikaingiza mkono mfukoni. Mtoto wangu alikuwamo. Nilimshika akiwa na joto la mwili wangu, huku taa zikihesabu moja mpaka nane, moja mpaka nane. Mtu alikuwa upande wa pili wa waya, ameshika mtoto mwingine, na amemchomeka aliponisikia.

Kisha zikazima. Alikuwa amechomoa.

Nimekimbia. Nimeacha mwavuli, nimeacha kisu. Nimetembea kutoka Mikindani mpaka nilipopata boda kwenye lami, na nimekaa kitandani na nguo mbichi kwa sababu kuna jambo ambalo sijapata kuliandika popote, na kama waliokufa wameanza kunijibu kwenye waya, wanajua tayari.

Siku ya kuvuta waya za lile duka Fundi alinituma kisiwani, Mwembe Tayari, nikanunue boksi la shaba tupu. Zile kamera zilikuwa zinapata umeme kwa waya uleule unaobeba picha, na waya wa kudanganya ukibebeshwa umeme hupata moto. Alinieleza haya yote. Mvua ilikuwa kama ya leo, foleni ya Makupa, njia ya kuingia kisiwani, haisogei, nimelowa, nimechoka. Nikashuka kwenye matatu nikarudi, nikanunua boksi hapa karibu. Nyuma ya duka nikalichuna kwa kisu. Lilikuwa jeupe. Nililiona.

Fundi aliniuliza swali moja tu. "Umelichuna?"

"Jekundu mpaka ndani," nikamjibu.

Duka liliungua baada ya miezi minne. Kanze alikuwa amejifungia ndani akifunga hesabu za mchana. Fundi akajitia majini kwa kosa lisilo lake, nami nikavaa nguo nyeusi nikalia matangani, na watu wakanipa maji.

Mei 1
Sikwenda.

Mei 2
Sikwenda. Mama Griffin amepiga simu mara tano.

Mei 6
Nimekwenda. Nilijiambia ni kwa ajili ya vifaa vyangu.

Mama Griffin alinifungulia, akajitenga kando ya ngazi. Nikapanda. Nilipita zile nguzo, maji yakinifika kwenye vifundo vya miguu, mpaka kwenye mlango wa chuma. Haukuwa na kufuli. Nikaweka sikio. Tone la tangi. Halafu krak.

"Ingia, Velma. Mvua itakupiga."

Sauti yake ni ileile. Yeye siye yuleyule. Ngozi imekuwa na rangi ya uji, ndevu zimeshuka kifuani, macho yanauma yakiona mwanga. Ana kitanda cha kamba na meza. Juu ya meza na chini yake na kando ya kuta kuna vipande vya waya, mamia, kila kimoja na vichwa viwili, vimepangwa na kuandikwa namba. Nilisimama mlangoni nikisubiri apotee. Hakupotea. Alikohoa, akafuta mdomo kwa mkono wa shati.

Mama Griffin alikuja nyuma yangu na sahani iliyofunikwa. "Amekungoja tangu Aprili," akasema. "Kila siku anashuka nyumba ikilala, anakwenda kutazama kazi yako."

"Ulinitisha, Fundi," nikasema. Ndilo neno lililonijia.

"Sikutaka kukutisha. Nilitaka kujua mkono wangu bado uko sawa." Akanyanyua kipande kimoja cha waya. "Miaka mitatu nalirudia lile duka. Nimebana kila kichwa nilichobana kule, kwa mpangilio wake. Nimeunganisha umeme, nimeshika waya kwa vidole nikasubiri upate moto. Haupati. Wewe ulikuwa nami, kwa hiyo nikamwambia Pascalia akuite. Mkono wangu ulikosea wapi?"

Hakunilaumu kwa lolote. Alikuwa ananiuliza kama mwanafunzi anavyouliza.

Kinywa changu kilikuwa wazi. Nilikuwa na maneno yale, yote, nimekwisha kuyaandika hapa kwenye daftari.

"Sijui, Fundi," nikasema.

Nikashuka. Nimemdanganya mara ya pili.

Mei 7
Laini ya tatu na ya nne.

Mei 9
Laini ya tano. Vichwa nimebana kwa kijani. Sikutaka ahangaike kushuka.

Mei 13
Nilikuwa nimemwona Mama Griffin kama askari jela. Leo, tukichambua maharage, ameongea.

"Nilimzika mara moja, nampikia kila siku. Griffin akija likizo hupiga magoti pale sebuleni akaombea roho ya babake. Na babake yuko juu anamsikia. Mara mbili amebana mdomo kwa mto." Akatupa jiwe alilolitoa kwenye maharage. "Kama ningejua kosa lake hasa ni lipi, ningemwambia, shuka ukalibebe. Lakini halijui, nami silijui. Mtu hawezi kukiri asichokijua."

Maharage yalikuwa safi, na bado vidole vyangu viliendelea kuyachambua.

Mei 16
Mvua. Chumba cha tangi kinavuja. Anakohoa mpaka chini tunasikia.

Mei 20
Laini ya sita. Kazi imekwisha. Hakuna tena sababu ya kurudi kule.

Mei 24
Nimerudi.

Nilisimama palepale mlangoni, nikasema bila kuketi. Mvua, foleni, duka la karibu, kisu, weupe. "Ulipouliza nikakwambia ni jekundu. Mkono wako haukukosea popote, Fundi. Hivi vipande vyako vyote ni vya shaba nzuri. Ndiyo maana havipati moto."

Aliweka krimpa mezani. Alikaa akizitazama zile waya zake ukutani, namba moja mpaka sijui ngapi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa kofi.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Ishirini na minane."

"Basi ulikuwa mtu mzima."

"Ndiyo."

Tone la tangi likaendelea. Mama Griffin alikuwa kwenye ngazi. Nilimsikia akiketi.

"Miaka mitatu," Fundi akasema. Akavisukuma kando vipande vya mezani. "Lakini nililibeba lile boksi begani kupanda ngazi. Lilikuwa jepesi. Mkono wangu ulijua. Nikasema ameshalichuna, twende, mwenye duka anataka kufungua Jumatatu." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Tulikuwa wawili, Velma. Usinipunguzie."

Nikamwambia nitakwenda kwa Mama Kafedha. Hakunizuia. Alisema tu nisiseme yuko hai. Halafu nikiwa nimekwisha kushuka nusu ya ngazi akaniita, akasema, "Sema."

Mei 27
Asubuhi, jua la kwanza baada ya siku nyingi, barabara inatoa mvuke. Mama Kafedha alikuwa ndiyo kwanza anatia viazi mafutani. Nilimwomba aketi. Akasema viazi haviketi, sema.

Nikasema. Alikuwa akivigeuza kwa kijiko chake chenye matundu, anavigeuza, anavigeuza, vikawa kahawia, vikawa vyeusi, moshi ukaanza. Hakuvitoa. Mteja mmoja alikuja, akatutazama, akaondoka.

"Nilikwenda matangani kwa huyo Musyoka," akasema mwishowe. "Nilipeleka unga. Watu walinishangaa. Nikawaambia, mtu aliyejitoa roho kwa ajili ya mwanangu amekwisha kulipa, nami nimemsamehe." Akazima jiko. "Nilimsamehe kwa sababu amekufa. Sasa mnaniambia yu hai. Na wewe nimekulisha viazi."

"Ndiyo, mama."

"Usiniite mama leo."

Alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kigoda.

"Mwambieni anyoe ndevu," akasema. "Jumatatu ijayo nitakuja Mikindani. Tutakwenda kituo cha polisi watatu."

Mei 30
Fundi anajizoeza kukaa sebuleni. Saa moja, halafu mbili. Mama Griffin amempigia simu mkuu wa shule. Hakujua aanze vipi, akakata, akapiga tena.

Juni 3
Tulishuka saa nne asubuhi. Fundi alivaa miwani ya jua na suruali iliyofungwa kwa kamba kiunoni. Mama Kafedha alikuwa getini, amevaa leso mpya. Walitazamana. Fundi akatoa miwani, ingawa jua lilimfanya atokwe na machozi, akasema, "Shikamoo." Yeye ndiye mdogo. Mama Kafedha hakuitikia. Aligeuka akatangulia, nasi tukamfuata.

Barabara ile sitaisahau. Watu walikuwa wametoka kuanika nguo baada ya mvua. Jirani aliyelibeba jeneza la Fundi kwa wimbo miaka mitatu iliyopita alikuwa anajitwika ndoo. Ndoo ilianguka na maji yakatiririka mpaka miguuni petu, naye hakuiokota. Milango ilifungwa mmoja mmoja mbele yetu tulipokuwa tunapita, polepole, kama watu wasiotaka kumwamsha mtu. Mtoto mmoja tu alisema, "Si ni yule wa picha kwa kina Griffin?" na mkono ukamvuta ndani.

Kituoni afisa wa zamu aliandika jina la Fundi kwenye kompyuta, akasoma, akamtazama, akasoma tena. "Huyu ni marehemu," akasema. "Siwezi kuchukua maelezo ya marehemu."

"Anza na yangu," nikasema.

Niliyatoa yote. Ilichukua karibu saa mbili, kwa sababu aliandika kwa vidole viwili na kila mara akamtupia Fundi jicho kana kwamba angekikuta kiti kitupu. Aliniambia nirudi kesho saa tatu na mdhamini, na Fundi watamweka kwanza, mpaka waelewe wafanye nini naye. Fundi akasema sawa. Alikuwa ameketi karibu na dirisha na uso ameuelekeza kwenye jua.

Kisha afisa akaleta faili la zamani, jembamba, limeliwa pembe. Akasoma kwa sauti. "Katika tukio hilo alifariki mfanyakazi mmoja wa kike." Akageuza karatasi, akatafuta, akageuza tena. "Jina halipo."

Mama Kafedha alisimama. Akavuta kiti chake, akakiweka kati ya Fundi na mimi, mbele ya meza, akaketi.

"Kalamu unayo?" akamwuliza afisa. "Andika. Kanze. K, a, n..."

Alimngoja aandike kila herufi.